Gari Haitoki Uchi

Siku niliyoiona mara ya kwanza, kuku saba walikuwa wanaishi ndani yake, na jogoo alikuwa amesimama juu ya usukani kama dereva anayesubiri bendera ishuke. Nasema saba, huenda walikuwa watatu. Wanaonifahamu kule Misiera wanajua kwamba nikitaja hesabu yoyote unaigawanya kwa mbili, halafu unapunguza chumvi. Lakini jogoo alikuwepo, na alinitazama kwa dharau ambayo hata afisa wa mpaka hajawahi kunitazama nayo.

Ilikuwa gari ya mashindano, ya zamani, ya Kijapani, milango miwili, pua ndefu, mkia umekatwa ghafla kama mkate. Ilikuwa imelazwa kwenye banda la ng'ombe la mzee mmoja wa Kakiika, pale ambapo jiji la Mbarara linachoka kuwa jiji na kuanza kuwa malisho. Ujanani mwake mzee huyo alikuwa akishindana kwenye barabara za vumbi, kuanzia kwao Ankole mpaka Kenya, na Kiswahili chake alikiokota njiani, kwa mafundi na kwa polisi waliomsimamisha. Kwenye milango bado ilionekana namba kumi na tisa, imefifia kama kovu la chanjo.

Mimi ni fundi wa bodi. Natoka Kivu ya Kusini, upande wa Uvira, na ninakaa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, hapo Misiera karibu na Base Camp, pamoja na mke wangu na watoto ambao idadi yao pia huwa naiongeza. Jumatatu naenda Mbarara, Jumamosi narudi. Kazi naifanyia Ruti, kandokando ya barabara ya Kabale, kwenye garaji isiyo na ukuta hata mmoja: mabati juu ya miti ya kalitusi, na chini yake mafundi, kila mtu na pembe yake. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye shule ya jioni ya wakimbizi. Cheti changu kina muhuri mkubwa kuliko sahani ya ugali, na mke wangu amekitundika fasi ambayo mgeni hawezi kunywa maji bila kukiona. Sisemi haya kwa majivuno. Basi, kwa majivuno kidogo. Lakini majivuno hayo ndiyo yaliyozaa habari hii nzima, na ni vizuri msomaji ayaone yakiwa bado yanachekesha.

"Wewe ndiye fundi Mukongo?" mzee aliniuliza, amesimama mlangoni mwa banda na fimbo yake ya kuchungia.

"Ndiyo, muzee wangu. Ni miye."

"Nasikia mikono yako inafufua gari iliyokufa."

"Muzee, miye nimeshafufua mpaka ile iliyozikwa na kupandiwa mihogo juu."

Alicheka, mabega yakacheka pamoja naye, akajibu kwa neno la kwao la kusema sawa. "Kale. Hii haijakufa. Imelala tu, miaka ishirini na tano. Lakini usinidanganye, ssebo. Mimi sina muda wa kudanganywa."

Ndipo akaniambia habari ya macho. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaofunga mwanga kuanzia pembeni, polepole, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Daktari alikuwa amemwambia dawa itachelewesha lakini haitazuia.

"Sasa naona katikati tu, kama nachungulia ndani ya bomba. Wewe nakuona pua. Masikio yako naamini tu kwamba yapo."

"Yapo, muzee, tena makubwa."

"Mimi nataka kuiendesha mara moja," alisema, na hapo hakuwa anacheka tena. "Si kwa barabara ya watu, hapana. Hapa ndani ya shamba langu, kutoka geti mpaka juu kwa bwawa. Mara moja tu, nikiwa naona njia mbele yangu. Halafu macho yaende yanakotaka. Utachukua muda gani?"

"Miezi mbili."

Nilisema hivyo kama mtu anavyosema habari ya asubuhi. Kwetu fundi akisema miezi miwili, mwenye gari anajua ni minne, na fundi anajua kwamba mwenye gari anajua. Ni adabu tu, kama kumwambia mgeni karibu chakula wakati sufuria imeshaoshwa. Mzee hakuwa amelelewa kwenye adabu hiyo. Alimwita binti yake, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akikaa naye, akamwambia alete kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Binti akahesabu wiki nane kwa kidole, akachora duara.

"Hapa?" akaniuliza.

"Hapo hapo, mwalimu. Hata kabla."

Tuliivuta kwa trekta mpaka Ruti. Siku hiyo garaji nzima iliacha kazi. Bodaboda walisimama, wauza ndizi walisimama, lori la matoke lilisimama katikati ya barabara, dereva akashuka kuuliza kama ndege imeanguka. Nilipolala chini yake na tochi nilitegemea kukuta kutu imekula mpaka kumbukumbu. Nikakuta chuma kizima, kimelowa mafuta. Kumbe kila kiangazi mzee alikuwa akikipaka samli iliyochacha, kama watu wa huku wanavyotunza ngozi. Gari yote ilinuka kibuyu cha maziwa. Mbwa wa Ruti, wote mia moja, walihamia chini yake, na kwa wiki nzima nilifanya kazi nikipigwa mikia usoni.

Juu ndiko kulikoumia. Mavi ya kuku yalikuwa yametoboa paa, mkojo wa ng'ombe ulikuwa umekula madifenda yote mawili, na mlango wa kulia ulikuwa umeegemewa na fahali mmoja kwa miaka mingi mpaka ukachukua umbo la tako lake. Bati la kuziba nililikata kwenye mapipa ya mafuta. Nililipiga kwa nyundo juu ya gogo lenye shimo, kidogo kidogo, mpaka likakubali kuwa mviringo. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko kula. Bati lina ukaidi wake. Ukilipiga kwa hasira linavimba, ukilipiga kwa woga linakucheka. Lazima ulipige kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa mkwe.

Injini niliiacha kwa jirani yangu wa pembe ya pili, Mrundi, fundi wa moteri, Mkatoliki wa kweli, anayefanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua kabureta. Mtu wa maneno machache. Kwa siku nzima mimi nazungumza, yeye anajibu mara tatu. Gari ilikuwa na kabureta mbili, na kuzifanya zipumue pamoja ni kama kupatanisha wake wenza: hii ukiipa, ile inanuna. Vipuri vilikuwa havipo tena duniani, kwa hiyo alivichonga mwenyewe kwenye shaba ya mabomba ya zamani. Duara la binti lilipita. Katikati ya mwezi wa tatu, asubuhi moja, wake wenza wakapatana.

Sitaweza kuieleza ile sauti, ingawa wanaonijua watashangaa kusikia nimeshindwa. Ilikuwa nzito kisha nyembamba, kama kwaya inayoanza na besi. Mafundi walitupa spana. Mrundi alisimama tu, kichwa kimeinama, kama yuko kwenye misa.

Sauti hiyo ilifika Kakiika, sijui kwa simu au kwa upepo, maana kesho yake saa nne asubuhi mzee alifika, ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa amevaa koti na glavu za ngozi zenye vitundu mgongoni, glavu za kuendeshea mashindano. Gari ilikuwa imesimama kwenye jua kali na sura yake ya aibu kabisa: majivu ya rangi ya kwanza mwili mzima, na juu yake mabaka ya masitiki ya kuzibia mashimo, kijani-njano, kama mtoto mwenye surua. Haikuwa na bampa wala mipira ya milango.

"Nipe funguo, fundi," alisema mzee.

"Muzee, bado haijavaa nguo."

"Injini nimeisikia." Akamgeukia Mrundi. "Breki?"

"Zipo, mzee. Nzuri."

"Usukani?"

"Upo."

"Sasa nguo ya nini? Mimi naenda kukaa ndani. Siendi kukaa nje niangalie."

Garaji ikacheka. Nami nikacheka, tena kuliko wote. Mrundi akanivuta pembeni, na siku hiyo alitumia maneno yake ya wiki nzima.

"Yewe ndugu, mpe mzee gari yake. Tuibebe juu ya lori mpaka shambani, aendeshe, kisha turudi nayo hapa upake rangi mpaka uchoke. Ni nusu siku."

Ni kweli, ilikuwa nusu siku. Naandika tena, kwa sababu shule ya jioni ilinifundisha kwamba jambo la maana linaweza kuandikwa mara mbili: ilikuwa nusu siku.

Lakini mimi nilifundishwa kazi Uvira na mzee mmoja ambaye nyundo yake ilikuwa nzito kuliko mimi mwenyewe, na sheria yake ya kwanza ilikuwa: gari haitoki uchi. Gari ikionekana barabarani na masitiki nje, watu watasema fundi wake amekufa, au amekimbia, au alishindwa. Bodi ni jina lako linatembea. Mwanafunzi aliyetoa gari bila rangi alifukuzwa. Sisi wote wa shule ile, popote tulipotawanyika, ukimkuta mmoja ni hivyo hivyo: atakupa gari bila injini kabla hajakupa gari bila rangi.

Na kulikuwa na hili pia. Mwaka tulioukimbia mji, niliacha uani kwangu gari ya mteja, imepakwa majivu tu, kesho yake nilikuwa niipake buluu. Ni hiyo moja tu iliyotoka uchi mikononi mwangu, na sijui nani aliitoa. Mengine mengi niliyoyaacha yamenitoka kichwani. Mke wangu ndiye anayekumbuka vikombe na mapazia. Mimi nakumbuka ile gari. Sikumwambia Mrundi hayo. Nilimwambia, "Ndugu, kwetu haifanyikake."

Kisha nikamgeukia mzee na ile furaha yangu. "Muzee, nipe siku kumi na ine tu. Nitakuletea bibi-arusi."

"Mimi siombi bibi-arusi, fundi. Naomba huyu mzee mwenzangu."

"Atakuwa kijana, muzee! Utamuona, hautamujua!"

Mzee akaomba akae tu ndani. Binti akamfungulia mlango, akaingia kwa ustadi wa mtu aliyeingia humo mara elfu, hii elfu siipunguzi. Akakanyaga kila pedali moja moja, akagusa gia, akaangalia mbele kwenye kioo ambacho kilikuwa kinaonyesha ukuta wa duka la simenti. Akakaa hivyo. Halafu akatoka akanishika mkono.

"Wewe ndiye mwenye kazi," alisema. "Mimi siwezi kumfundisha mtu kazi yake. Ila boneti iwe nyeusi, na isiwe ya kung'aa. Boneti ikimeta, jua linarudi machoni kwa dereva."

Hivyo ndivyo wazee wa huku wanavyomheshimu fundi. Angenitukana ningempa funguo. Angepiga fimbo chini, angesema gari ni yake, na ni kweli ilikuwa yake, ningeona haya mbele ya watu na ningempa. Alinipa heshima, nami nikaichukua nikaenda kuitumia.

Siku kumi na nne ziliisha kabla sijamaliza kupiga msasa. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na rangi ikipigwa kwenye unyevu inageuka maziwa. Ukingoja jua, vumbi la barabara ya Kabale linakuja kukaa juu yake kama limealikwa. Nilishona mapazia ya magunia pande zote nne. Wiki moja ikaliwa na uhakiki wa wakimbizi kule Nakivale, ambako kila mtu wa familia lazima apeleke uso wake na vidole vyake, na hakuna anayeweza kukuwekea vidole. Haya yote nayaorodhesha kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwa muda mrefu nilipokuwa nikisimulia habari hii nilikuwa naishia hapa, kwenye mvua na vidole, kisha naruka mpaka mwisho.

Sasa siruki. Wiki ya sita jua lilitoka siku tatu mfululizo. Niliipiga rangi yake ya zamani, ya chungwa, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na boneti nyeusi isiyometa kama alivyoagiza. Ijumaa ilikuwa imekauka. Ilikuwa imekwisha. Mrundi aliifunga bampa, akafuta mikono, akasema, "Twende Kakiika."

"Jumatatu," nikasema.

Maana watu walikuwa wanakuja kupiga picha. Nusu ya Mbarara ilikuja, na hii nusu gawanyeni mtakavyo. Vijana wa chuo walilala kwenye boneti. Bibi-arusi wa kweli alishuka kwenye msafara wake akapigwa picha na gari yangu, bwana-arusi amesubiri kwenye jua. Watu waliuliza, "Nani aliifanya?" na kidole kikanielekea. Wageni tumezoea kuelekezewa vidole, lakini si vya namna ile. Nilikula ile siku kama mtu aliyefunga mwaka mzima.

Jumatatu, jua la asubuhi likiwa chini, nililala ubavu kwenye changarawe nikaangalia mlango wa kulia kwa mshazari, kama tunavyofanya. Nikaona wimbi. Tako la fahali bado lilikuwepo, dogo, dogo sana, kama pumzi juu ya maji. Na karibu na mfuniko wa mafuta, ndani ya rangi, kulikuwa na mbu amekufa, miguu yake yote imehifadhiwa vizuri.

"Huyo mbu naye ni wa mashindano," Mrundi alisema. "Mwache. Twende."

Nilichukua msasa wa maji nikaivua rangi upande mzima.

Mrundi hakuniongelesha siku mbili, jambo ambalo kwake si adhabu kubwa, lakini niliisikia. Upande mmoja ukipakwa upya haulingani na mwingine, kwa hiyo nikaivua na upande wa pili. Mvua ikarudi. Wiki ikawa mbili, zikawa nne. Binti akapiga simu.

"Fundi, baba anauliza."

"Mwambie wiki ijayo, mwalimu. Bila kukosa."

"Anauliza kila asubuhi. Na sasa anauliza na vitu vingine. Leo ameuliza chai yake iko wapi, na iko mbele yake."

Nilisikia alichoniambia. Siwezi kuandika kwamba laini ilikuwa mbaya, ingawa laini za Ruti ni mbaya. Nilisikia vizuri, na nikajibu, kwa ile sauti yangu ya sokoni, "Mwalimu, akiiona hii gari, macho yenyewe yatapona!"

Hakucheka. Alisema asante, akakata.

Tuliipeleka Kakiika Jumamosi, baada ya mwezi kamili tangu ile Ijumaa. Mrundi aliiendesha kutoka barabarani mpaka ndani ya geti, penye nyumba, mimi nikatembea mbele nikitoa mawe njiani, kama mtu anayeongoza harusi. Mzee alikuwa amekaa barazani, amevaa koti na zile glavu. Aliposikia injini alisimama. Uso wake ukageuka kwenye sauti, ukaifuata ikipita mbele yake, ikazunguka, ikasimama. Mrundi akaizima. Uso wa mzee ukabaki palepale ilipokuwa sauti ya mwisho, kidogo kushoto kwa gari.

"Iko karibu?" aliuliza.

Ilikuwa hatua nne kutoka magotini pake, rangi ya chungwa inayoweza kumwamsha maiti.

Nilimwangalia binti. Alikuja akasimama karibu nami, akaongea chinichini kama tunavyoongea mbele ya mgonjwa. "Siku kumi sasa. Aliamka asubuhi akatuuliza kwa nini hatujafungua dirisha."

Sikuhitaji kalenda. Siku kumi nyuma gari ilikuwa imesimama Ruti, nimeivua na kuipaka upya, naisubiri ikauke mara ya pili. Karibu wiki tatu kabla ya dirisha hilo ilikuwa imekauka, imepakwa, ina bampa, na mbu mmoja. Na wiki sita kabla ya hapo ilikuwa na mabaka ya surua, na mzee alikuwa amekaa ndani yake akiona ukuta wa simenti kwa macho yake mwenyewe.

Nilisema, "Muzee, unisamehe." Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, njia nzima kutoka Ruti, maneno mazuri yenye bibi-arusi ndani. Yalikataa kutoka.

"Nisogeze," alimwambia binti yake. Akavua glavu moja, akaipapasa. Alianzia kwenye taa, akapita kwenye difenda, polepole, kiganja chote, kama anavyopapasa ng'ombe mwenye mimba. Alipofika mlango wa kulia aliurudia mara mbili.

"Hapa fahali alikuwa anaegemea," alisema.

"Ndiyo, muzee."

"Umemtoa kabisa. Kazi nzuri." Kisha akaniuliza, "Ni chungwa lile lile?"

"Ni lile lile."

"Kale."

Hakuna lililonikata kama ile kale. Mrundi aliangalia viatu vyake. Mzee akatembea akishika gari, akauzunguka mkia, akafika upande wa abiria, akafungua mlango, akaingia, akafunga mkanda.

"Nani ataendesha?" binti aliuliza. Mrundi akainua mkono, kwa sababu yeye ndiye dereva kati yetu. Mimi ninaendesha kama watu wote wa bodi: mita ishirini mbele, mita ishirini nyuma.

"Hapana," alisema mzee kutoka ndani. "Yeye."

Basi nikaendesha. Njia ilipanda kutoka getini katikati ya nyasi, ikapinda kwenye kichuguu, ikashuka kwenye mfereji, ikapanda tena mpaka bwawani. Labda kilomita moja, na safari hii nimeipima. Mzee aliweka mikono juu ya magoti. Nilipotoa klachi gari iliruka kama mbuzi ikazimika.

"Banange," alisema. "Washa tena."

Nikawasha. Tukaenda.

"Sasa gia ya pili. Sikiliza, inakuomba. Mpe."

"Muzee, kuna mashimo."

"Mashimo nayajua, mimi niliyachimba. Kulia, kona ndefu. Usishike breki. Usishike! Umeshika."

"Nimeshika kidogo."

"Unaendesha kama umebeba mayai ya askofu. Sasa mteremko, halafu maji. Kaa kushoto. Kushoto, fundi, huko ni wapi?"

"Ni kushoto, muzee."

"Basi ni kushoto kwa Kongo."

Nilicheka, na nilipocheka nilikuta siwezi kuona vizuri njia, nikajifuta kwa mkono wenye rangi. Tulipanda mlima wa mwisho kwa gia ya pili, injini ikiimba vile ilivyoimba ile asubuhi Ruti, na mkono wake wa kushoto unafunguka na kujifunga juu ya goti kama umeshika gia. Tulifika juu. Nikazima. Upepo ulikuwa mwingi. Chini yetu lilikuwa bwawa, na ng'ambo yake malisho, na mbali zaidi mabati ya Mbarara yanameta.

Aliuelekeza uso wake mbele.

"Siku ile kwako," alisema, "ningeweza kuona mpaka hapa. Si pembeni. Lakini mbele, ndiyo."

Ningemwambia nini? Mvua? Vidole?

"Niambie kuna nini," alisema.

"Kuna maji, muzee. Yamejaa. Kuna ndege weupe pembeni, wengi, kama..." Nikajisikia naanza. "Kuna ndege weupe watano."

"Ng'ombe wamekuja kunywa?"

"Wamekuja. Wako wengi sana, wanang'aa, pembe zao zinafika mbinguni."

"Wangapi?"

"Mia..."

"Fundi." Hakupaza sauti. "Mimi sina mtu mwingine hapa. Wangapi?"

Nikawahesabu kwa kidole juu ya usukani, mmoja mmoja. "Kumi na mbili."

"Asubuhi walitoka kumi na tatu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia woga kwenye sauti yake. "Kuna mmoja mwekundu, pembe moja imeinama, ana mimba. Yupo?"

Sikumuona. Nilifungua mlango, nikashuka, nikapanda juu ya jiwe, nikaweka kiganja juu ya macho, nikaanza kuhesabu upya kutoka kushoto, kwa sauti, ili asikie kila mmoja.